Amana ya Dobi

Mwaka 1995, mjini Hattiesburg katika jimbo la Mississippi, bibi mmoja aliwekewa sarafu kumi mezani na mtumishi wa benki. Kila sarafu, akaelezwa, ni fungu moja katika mafungu kumi ya mali yake. Apange mwenyewe kila fungu liende wapi siku atakapokuwa hayupo. Bibi huyo, Oseola McCarty, alitenga sarafu moja kwa ajili ya kanisa lake. Tatu akawawekea ndugu zake. Sita zilizobaki alizielekeza kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, kilicho katika mji huohuo. Thamani ya sarafu hizo sita ilikuwa dola 150,000.

Alikuwa dobi. Aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze mzee wa nyumbani, na hakurudi tena darasani. Maisha yake yote alifua nguo za watu kwa mikono, akazichemsha, akazianika na kuzipiga pasi, mpaka baridi yabisi ilipomlazimisha kuacha kazi akiwa na umri wa miaka 86. Hakuwa na gari. Alikwenda kwa miguu. Akiba yake ilikua kwa sababu alichokiweka benki hakukigusa.

Wahenga walisema, “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.” Methali hii inatosha kujibu swali la nani anaweza kutoa. Haijibu swali la pili, lililo gumu zaidi: moyo ukishatoa na mwili ukishazikwa, zawadi inabaki kuwa ya nani? Vyuo vikuu vikongwe vinaishi ndani ya swali hili. Maktaba zake, viti vya maprofesa wake na ufadhili wa wanafunzi wake ni mali iliyoachwa na watu ambao hawapo tena, na karibu kila mali ilikuja na neno la mwenyewe: itumike hivi, isitumike vile. Neno hilo lina nguvu kiasi gani juu ya walio hai?

Jibu la kwanza ni kwamba lina nguvu zote. Katika fikihi ya wakfu kuna kanuni mashuhuri isemayo kwamba sharti la mweka wakfu lina uzito kama wa matini ya sheria yenyewe. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Wanazijua nyumba, mashamba ya minazi na visima vilivyofungwa kwa ajili ya misikiti na madrasa, ambavyo haviuzwi, havirithiwi wala havitolewi hiba. Wanaijua pia sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu yake humfikia mtu akiwa kaburini. Msikiti na madrasa ya al-Qarawiyyin mjini Fez, ambavyo kwa mapokeo vilianzishwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa mali ya urithi wake, vimefika karne yetu kwa sababu vizazi vilivyofuata havikujiona huru kuuza kilichofungwa na waliotangulia.

Jibu hili lina hoja nzito ya kimaadili nyuma yake. Aliye hai ukimvunjia ahadi, ataudhika, atalalamika, pengine atashtaki. Marehemu hawezi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo haki yake ndiyo inayopima uaminifu wa kweli, kwa kuwa hakuna kinacholazimisha itimizwe isipokuwa dhamiri ya aliyeachiwa. Ndiyo maana Kiswahili kikaiita mali ya namna hii amana, neno lililo jirani wa karibu wa uaminifu.

Lakini kuna marehemu walioagiza uovu. William Marsh Rice, tajiri aliyechuma katika biashara ya pamba na ardhi huko Texas, na aliyewahi kumiliki watumwa, alianzisha taasisi ya elimu mjini Houston mwaka 1891. Hati yake ilikuwa na masharti mawili ya kukumbukwa. La kwanza, elimu itolewe bure. La pili, itolewe kwa wakazi weupe wa Houston na wa Texas. Rice aliuawa mwaka 1900 katika njama ya mtumishi wake na wakili aliyeghushi wasia ili aichukue mali yote. Wasia wa uongo ulishindwa mahakamani, na mwaka 1912 taasisi ikafungua milango kwa wale tu walioandikwa katika hati ya kweli.

Kwa zaidi ya nusu karne neno la Rice lilitii kanuni ya kwanza: limeandikwa, basi lifuatwe. Mwaka 1963 bodi ya wadhamini ya chuo hicho ilikwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuyaacha masharti hayo, na mwaka 1964 ikaipata. Chuo kikaanza kuwapokea wanafunzi Weusi. Papo hapo kikapata pia haki ya kutoza karo.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoacha kuwa rahisi. Wadhamini hawakuomba kufuta sharti la rangi peke yake. Waliomba yote mawili, kwa hoja kwamba chuo kisingeweza kuendelea na hadhi yake kikibanwa nayo. Sharti la ubaguzi na sharti la huruma vilifutwa katika kesi moja. Mwanafunzi Mweusi aliyefunguliwa mlango alikuta karo mlangoni. Anayesema kwamba walio hai wana haki ya kuliacha neno la marehemu lililo ovu amesema kweli. Lakini anapaswa kuona jinsi haki hiyo, ikishapatikana, inavyoweza kunyoosha mkono na kuchukua hata kile kilichokuwa chema.

Wapo wanaohofia jambo hilo hasa. Mwaka 1961 Charles na Marie Robertson walikipa Chuo Kikuu cha Princeton dola milioni 35 ili kiwaandae vijana kuitumikia serikali ya Marekani, hasa katika mambo ya nje. Mwaka 2002 watoto wao walikishtaki chuo, wakidai kwamba fedha zilikuwa zikitumika kwa mambo mengine na kwamba wahitimu wachache mno walikuwa wakiingia serikalini. Chuo kilikana. Shauri lilikwisha kwa suluhu mwaka 2008, baada ya pande zote mbili kutumia mamilioni kwa mawakili. Mtu anayetafakari kukiandikia chuo wasia wake akisoma kisa hiki, atajiuliza: kama neno langu litageuzwa nikiwa kaburini, nitoe kwa nini?

Swali hilo ni la haki, lakini linachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa umbo tu. Katika kila sharti la mtoaji mna kusudi na mna hofu. Kusudi humtazama atakayepokea: nataka maskini asome, nataka taifa lipate watumishi, nataka ugonjwa huu uchunguzwe. Hofu humtazama mtoaji mwenyewe: asije akaingia fulani, jina langu lisije likasahauliwa, ulimwengu usije ukabadilika nisipokuwepo. Kusudi la Rice lilikuwa kijana asizuiwe na ufukara. Hofu yake ilikuwa kwamba kijana huyo angeweza kuwa Mweusi. Wafu wanadai makusudi yao kama deni. Hofu zao hawana haki ya kuturithisha, kwa kuwa hakuna mtu, awe hai au amekufa, mwenye haki ya kumfanya mwingine awe mtumishi wa chuki yake.

Fikihi ileile inayolipa uzito mkubwa neno la mweka wakfu iliiona tofauti hii mapema. Sharti linalopingana na sheria halifuatwi, wala wakfu hauvunjiki kwa kuachwa kwake: mali hubaki imefungwa, na sharti baya likaanguka. Na pale wakfu unapoharibika usiweze tena kuleta manufaa, kama nyumba iliyobomoka, wapo mafakihi walioruhusu ubadilishwe kwa kitu kingine chenye kulitumikia lengo lilelile. Fundisho lake ni kwamba mlinzi wa amana ana uhuru wa njia, hana uhuru wa lengo. Na anapobadilisha njia, abadilishe hadharani, aseme ameacha nini na kwa nini, na alihesabu deni la kile chema kilichopotea.

Kwa kipimo hicho, wadhamini wa Houston walikuwa na haki ya kwenda mahakamani hadharani, na walibaki na deni. Mwaka 2018 chuo chao kilitangaza kwamba wanafunzi kutoka familia zenye kipato kisichozidi dola 130,000 kwa mwaka, waliokidhi vigezo vya msaada, hawatalipa karo. Vyovyote viongozi wake walivyolieleza tangazo hilo, mwenye kuisoma hati ya 1891 ataona kusudi la zamani likirudishwa mezani bila ile hofu iliyolichafua. Iliwachukua walio hai zaidi ya miaka 50 kutenganisha kilichopaswa kutenganishwa tangu siku ya kwanza.

Kwa Waswahili walioko ughaibuni mjadala huu si wa mbali. Msomi aliyehamia Muscat, London au Minneapolis hupokea barua kutoka chuo alikopata shahada yake ya juu, ikimkaribisha kwa adabu kubwa akikumbuke chuo hicho katika wasia wake. Juma hilohilo hupokea ujumbe kutoka nyumbani: mpwa amechaguliwa kwenda chuo na ada haijapatikana. Mila zinamwambia aanze na damu yake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu nayo imeuwekea wasia mpaka wa theluthi moja, isipokuwa warithi waridhie zaidi, ili ukarimu kwa wageni usiwe dhuluma kwa warithi. Bibi wa Hattiesburg mwenyewe aliwatengea ndugu sarafu tatu. Hakuna maadili yanayomtaka mtu akimbilie kujenga maktaba huku mtoto wa ndugu yake akikosa daftari.

Hata hivyo, mahali pa kwanza si mahali pote. Julius Nyerere, katika miaka ya 1960, aliwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi na kitu, alisema, huyo ni msaliti. Mfano huo ulikuwa na mashiko katika nchi ambayo chuo chake kikuu kilifunguliwa mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU huko Dar es Salaam, kwa kuwa hakikuwa na jengo lake chenyewe. Aliyesomeshwa kwa njia hiyo hakusomeshwa na ndugu zake peke yao. Walimchangia watu asiowajua, wengi wao wasiojua kusoma, na watu hao hawana anwani ya kupelekewa malipo. Deni lao linalipika kwa njia moja tu: kumpa mtu mwingine usiyemjua.

Ndiyo maana zawadi kwa chuo kikuu haifanani na zawadi kwa mpwa. Ukimpa mpwa unamwona, unamshauri, unaweza hata kumgombeza. Ukikipa chuo, hasa kwa wasia, unampa kijana ambaye pengine hajazaliwa, atakayesoma somo ambalo bado halina jina, na atakayefikia maamuzi ambayo wewe ungeyapinga. Anayeshindwa kuvumilia hilo atafanya vyema asitoe. Atakachokuwa ameacha hakitakuwa zawadi, bali kamba.

Mkazi wa Hattiesburg alikuwa na kila sababu ya kutoamini. Chuo alichokipa hakikupokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja hadi mwaka 1965, wakati yeye mwenyewe alikuwa amepita miaka 50. Kabla ya hapo, Clyde Kennard, mkulima Mweusi wa eneo hilo aliyekuwa askari wa jeshi la Marekani, aliomba mara kadhaa kujiunga nacho. Alikataliwa, kisha mwaka 1960 akahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa tuhuma ya kuhusika na wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Alifariki kwa saratani mwaka 1963. Mahakama ilimsafisha mwaka 2006, miaka 43 baada ya kuzikwa. Watu wazima Weusi wa mji ule hawakuhitaji kuyasoma mambo haya katika vitabu.

Kwa hiyo zile sarafu sita hazikuwa shukrani. Chuo hakikuwa kimempa bibi yule chochote cha kushukuriwa. Wala haitoshi kusema kwamba alisamehe, maana hakuna aliyemwomba msamaha. Alichokifanya ni kukikabidhi chuo kile amana kabla hakijathibitisha kwamba kinastahili kuaminiwa. Sharti lake lilikuwa kusudi tupu: fedha ziwasaidie wanafunzi wasio na uwezo, na wanafunzi Weusi wapewe kipaumbele. Aliutaja ule mlango uliokuwa umefungwa, akaomba ubaki wazi. Hakuomba mwingine yeyote afungiwe.

Kwa mpango wa benki, mali hiyo ilikuwa ikifikie chuo baada ya kifo chake. Habari zilipoenea, wafanyabiashara wa mji walichanga fedha zao ili ufadhili uanze mara moja, na mwanafunzi wa kwanza akapatikana mwaka huohuo wa 1995. McCarty aliishi miaka minne zaidi, akafariki mwaka 1999. Watoaji wengi wa wasia huiacha amana yao gizani, wasijue itaangukia mikononi mwa nani. Yeye alipata kumjua kwa uso mmoja wa wale aliokuwa amekubali kutowajua kamwe.