Kwa Mkono Wetu Wenyewe

Somo: Filemoni 1:15–19



Mtume Paulo alikuwa na watu wa kumwandikia. Waraka kwa Warumi uliandikwa na Tertio, naye akaweka humo salamu zake. Lakini Onesimo alipokuwa anarudi kwa Filemoni, Paulo, akiwa kifungoni, alieleza wazi kwamba anaandika kwa mkono wake mwenyewe: kama Onesimo ana deni, atalilipa yeye. Mwandiko ule ulikuwa ahadi ya mtu mzima.

Sisi wauguzi tulifundishwa hivyo hivyo. Aliyetoa dawa ndiye anayetia sahihi. Sahihi husema: nilikuwepo, nami ninawajibika.

Hapa Doha tuko walinzi, madereva, wauguzi na wasaidizi wa nyumbani. Mshahara ukiingia, tunatuma nyumbani. Karo inalipwa, mama ananunuliwa dawa, na Mungu ashukuriwe. Lakini fedha haimwambii mtoto aliyebaki kwa bibi yake kwamba hakuachwa. Ujumbe wa sauti humwambia, kisha simu inajaa na ujumbe unafutwa. Barua hukaa. Mtoto ataikunja, ataificha ndani ya daftari, ataisoma tena usiku ambao simu ya mama haipatikani.

Yuko pia ndugu tuliyekosana naye kwa ajili ya shamba. Kwenye simu tutakatizana maneno. Kwenye karatasi atatusikiliza hadi mwisho, na sisi tutapima neno kabla ya kuliandika.

Tusiseme mwandiko wetu si mzuri. Paulo mwenyewe aliwaonyesha Wagalatia jinsi herufi zake zilivyokuwa kubwa. Wala tusiseme posta iko mbali. Tikiko alisafiri na waraka wa Wakolosai, Onesimo akiwa pamoja naye. Nasi hatukosi mwenzetu anayekwenda likizo Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Bahasha moja haimlemei.

Basi wiki hii, kabla hatujakutana tena, kila mmoja wetu na aandike ukurasa mmoja. Tumtaje mtu kwa jina lake. Tuseme tunachowiwa naye: shukrani, msamaha, au ahadi ya kurudi. Kisha tutie sahihi, na tulichoahidi tukitimize.

Bwana aibariki mikono yetu na wote watakaozipokea barua hizo. Amina.