Kabla Hajasema Asante

Muuzaji hodari wa vitenge pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hakutajii bei kabla hajakusoma uso. Ukiingia umekunja ndita, atakupa kiti na kukuuliza hali ya watoto. Ukiingia unacheka, kitenge cha thamani kitateremshwa kabla hujaketi. Sioni ubaya wowote hapo. Anakuona nawe unamwona, na ukimwambia "leo sina, bwana," mtaagana kwa heri, maana jioni mtakutana tena msikitini.

Siku hizi kuna muuzaji mwingine aliyehamia mifukoni mwetu. Uso wako hauoni, lakini anaona mengine. Tangu huduma za pesa kwa simu, Lumicash na EcoCash, zienee Bujumbura, simu imekuwa pochi, na anayeendesha mitambo anajua umeweka inite za kupigia saa ngapi, kifurushi kimebaki kiasi gani, mtandao ulikatika mara ngapi ukiwa katikati ya maongezi, na pesa zimeingia lini. Kwa hiyo limezuka wazo linalovutia makampuni duniani kote: tangazo lisirushwe ovyo, lingojee saa ile mteja ameridhika na moyo wake umelainika.

Wazo hilo lina upande wake wa adabu, na haki yake tuipe. Tangu 2017 Apple imewapa watengenezaji wa programu njia rasmi ya kumwomba mtumiaji nyota za sifa. Ombi halimfikii mtu zaidi ya mara tatu kwa mwaka kwa programu moja, na wanashauriwa wasimkatize akiwa katikati ya shughuli yake. Anayengoja nimalize ndipo aseme amenistahi.

Lakini anayetaka kuijua saa ya furaha yangu lazima achungulie. Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook ilipunguza habari za furaha kwa baadhi ya watu na habari za huzuni kwa wengine, ili ione kama nao wataandika kwa furaha au kwa huzuni. Walihusishwa watu 689,003, na hakuna aliyebishiwa hodi. Maneno yao yalibadilika, ingawa kidogo sana, na utafiti ulipochapishwa 2014 watu wengi waliudhika, kwa haki. Miaka miwili baadaye Keith Chen, mchumi wa Uber, alieleza kwamba kampuni ilikuwa imegundua jambo: mtu ambaye chaji ya simu yake inakaribia kwisha hukubali nauli iliyopandishwa kwa wepesi zaidi. Alisema hawaitumii habari hiyo kupanga bei. Hata hivyo, udhaifu wa mtu aliyekwama barabarani usiku ulikuwa tayari umeonekana na kupimwa.

Hapa kwetu simu ni chombo cha kungojea. Nyumba iko gizani, mama ameishika mkononi akisubiri tarakimu za Cash Power, umeme wa kulipia kabla, azibonyeze kwenye mita. Inalia, anaruka: tangazo. Mwingine anangoja ujumbe wa rafiki kwamba kituo fulani kimepata mafuta, akakimbilie foleni. Inalia: tangazo.

Nilikuwa kwenye msiba mmoja Buyenzi. Mama wa nyumba alifariki alfajiri, na mwanawe mkubwa alikaa jamvini akimsubiri mjomba aliyekuwa njiani kutoka Uvira. Kila mtu alitaka kujua kama mzee ameshavuka mpaka pale Gatumba, kwani maiti ilikuwa imekwisha oshwa. Simu ikalia. Wazee wakanyamaza, kisomo kikapungua sauti. Kijana akasoma, akailaza simu kifudifudi juu ya jamvi bila kusema neno. Aliyekuwa karibu yake aliuona mwanzo wa ujumbe: "Hongera!" Alikuwa amechaguliwa kuongea usiku kucha kwa nusu bei. Haikupita muda mrefu, ikalia tena: tangazo lile lile.

Mtaalamu wa takwimu angesema dawa ni kuboresha mitambo: simu hiyo imepigiwa tangu alfajiri na watu wengi wasiopiga kila siku, kutoka Rumonge, kutoka Uvira, basi mashine ingetambua kuna jambo na ikanyamaza. Na hapo ndipo ninapokataa. Sitaki kampuni iijue huzuni yangu ili inihurumie, kwa sababu ikiijua huzuni itaijua na pengo linaloachwa nayo, na kesho kutwa kuna atakayetaka kuuza kitu cha kujaza pengo hilo. Jirani anaujua msiba wangu kwa kuwa amekuja kuketi nami. Hilo halipatikani kwa kuhesabu simu.

Furaha nayo ina heshima yake. Dada wa Musaga anapokea pesa alizotumiwa na kaka yake aliye ughaibuni. Ada ya mtoto imepatikana. Hajapiga simu kusema asante, hajamwambia mumewe, na tayari ujumbe umeshaingia kumshawishi anunue kifurushi kikubwa au akope juu yake. Kwa hesabu za biashara saa imelengwa barabara: ameridhika, mkono mwepesi. Kwangu mimi ni dakika iliyokuwa ya ndugu wawili, na mgeni amejiingiza.

Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ilitaka taarifa za mtu zisitumiwe kibiashara bila ridhaa yake au idhini ya sheria. Apple nayo, ilipolegeza kanuni zake Machi 2020 na kuruhusu matangazo katika arifa, iliweka sharti kwamba mtu akubali kwanza na apewe njia ya kujitoa. Ninaliamini sharti hilo kuliko mashine yoyote ya kubashiri moyo. Niulizwe: unataka kusikia ofa zetu, na saa ngapi? Wapo watakaosema ndiyo, Jumamosi asubuhi kabla ya soko, na watanunua kwa hiari. Na neno la kusitisha liwekwe mwishoni mwa kila tangazo, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, litumwe bure na litiiwe siku hiyo hiyo. Bibi wa Kamenge asiyesoma naye apewe namba ya kupiga, ajibiwe na mtu.