Adhabu ya Mtu Huisha Lini?



Mtu aliyeiba akahukumiwa, akafungwa Shimo la Tewa, akaimaliza miaka yake na akafunguliwa mlango akatoka, je, adhabu yake imekwisha siku hiyo, au ndiyo kwanza yaanza? Midomoni mwetu jibu ni jepesi: imekwisha, na mwenye kutubu Mwenyezi Mungu humsamehe. Lakini mtu huyo akija dukani kutaka kazi, jibu letu huwa jingine.

Hapana mtu wa Mombasa asiyekijua cheti cha tabia njema. Mwenye kutaka ubawabu, udereva, au kazi ya kwenda Ghuba, aghlabu huambiwa akilete. Basi huenda akatoa alama za vidole vyake, na Idara ya Upelelezi wa Jinai hutazama kama vidole hivyo vimo katika daftari la waliohukumiwa. Jina la karatasi hii lastaajabisha, kwani haijui tabia ya mtu. Yajua vidole vyake tu. Aliyekula mali ya mayatima asishitakiwe, cheti chake ni cheupe, ilhali mtaa mzima wamjua. Na aliyekamatwa na misokoto ya bangi naye ni kijana wa miaka 19, kisha akatubu akatengenea, jina lake limo.

Hatusemi serikali isiweke daftari. Wala hatusemi mwenye duka hana haki ya kuuliza. Mali ni amana, na katika kisa cha Nabii Musa kule Madyan, Qur'ani yatuonyesha kuwa mwenye kuajiriwa hutakiwa nguvu na uaminifu. Tuulizalo ni hili: uaminifu ukisha kuvunjika, warudi? Na kama warudi, ni kwa njia gani?

Jambo hili wanazuoni walilijadili zamani katika mlango wa ushahidi. Katika Sura An-Nur, mwenye kumsingizia mwanamke mtaharamu zinaa asilete mashahidi wanne, hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake hukataliwa. Kisha aya ifuatayo ikawatoa wale waliotubu na kutengenea. Imam Abu Hanifa alifahamu kwamba toba humwondolea mtu jina la ufasiki tu, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Imam Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, pamoja na Malik na Ahmad, walisema hukubaliwa. Wala Mashafii hawakuliacha neno hili likaning'inia. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa mwenye kutubu hutazamwa kwa muda, mpaka idhaniwe toba yake ni ya kweli, na wengi katika wanazuoni wakaukadiria muda huo kuwa mwaka.

Mwaka mmoja, ndugu zangu! Misimu ikizunguka yote na mtu yu imara, hurejea mbele ya kadhi, na kwa neno lake mali za watu huhukumiwa. Basi ikiwa afaa kwa jambo zito kama hilo, yawaje asifae kupakua magunia au kufagia ghala? Na asiyetaka kumpa ufunguo wa sanduku siku ya kwanza, asimpe. Ampe kazi isiyokuwa na sanduku, amtazame mwaka huo. Lakini atawezaje kujaribiwa mtu ambaye kila mlango wamfukuza? Twamnyima mahali pa kuonyesha uaminifu, kisha twasema hatujauona.

Wako wenye kuleta hoja ya Nabii Yusuf, kwamba alitoka gerezani akapewa hazina za Misri. Nia yao njema, lakini hoja haisimami, kwani Yusuf hakuwa na kosa, na hakukubali kutoka mpaka usafi wake ulipodhihirika. Dalili iliyo bora ni yule mwanamke wa Kimakhzumi, aliyeiba kweli, na watu wakataka aombewe kwa ajili ya ukoo wake, Mtume (S.A.W.) akakataa, mkono ukakatwa. Kisa hiki twakisikia mimbarini mara nyingi, na wasemaji wengi hukomea hapo penye mkono. Lakini Bibi Aisha ameeleza na yaliyofuata: kwamba mwanamke yule alitubu vizuri, akaolewa, na alikuwa akimjia nyumbani, naye akimfikishia Mtume haja zake. Alama ya wizi ilikuwa mwilini mwake, yaonekana na kila mtu bila ya cheti. Na mlango aliofunguliwa ni mlango gani!

Tusiwanyooshee wengine kidole. Msikiti wetu ulitaka mtu wa kufagia na kufungua milango alfajiri, akaja mmoja aliyekuwa amefungwa kwa wizi, ametoka miaka miwili, na safu ya kwanza haimkosi. Katika kikao mmoja wetu akauliza, "Na viatu vya watu je?" Tukacheka. Mimi niandikaye haya nalicheka pia. Alikuwa barazani akisikia. Sasa asukuma mkokoteni wa maji, na tangu siku ile hatujamwona safuni.

Kazi ile mpaka leo haijapata mtu. Ijumaa baada ya sala kamati itakaa, nami nimeomba jina lake lirejeshwe, na kabla ya hapo twende kwake, watu wawili au watatu, tumtake radhi.