Ajali, kadari na mlinzi wa ufukweni
Neno ajali limetoka kwenye Kiarabu, ambako ajal ni muda wa uhai ambao Mungu amekwisha kuupanga. Kiswahili kimelifanya liwe tukio baya la ghafla, lakini maana ya kale bado imo ndani yake. Ndiyo maana mtu akizama ufukweni siku ya Idi, watu wa matangani husema siku yake ilikuwa imefika. Kwa mfiwa kauli hiyo ni faraja, na hakuna wa kumnyang'anya. Tatizo huja inaposemwa na aliyekabidhiwa ufuko wenyewe, aliyejua kwamba wakati wa bamvua maji huvuta kwa nguvu penye mlango wa mwamba na hakusimika hata bendera moja.

Swali la iwapo kadari humwondolea mtu wajibu ni la zamani. Katika karne ya 7 Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kuelekea Sham, eneo la Syria, aliposikia kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubaida, jemadari wake huko, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alikubali kwamba anaikimbia, ila anaiendea kadari ya Mungu huyohuyo. Kwa hoja hiyo boya, kamba na jicho la mlinzi navyo vimo katika yaliyoandikwa. Biblia nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamdai mwenye nyumba ukingo wa dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka.

Gumu zaidi ni nani hasa anadaiwa. Mafakihi wa Kiislamu huhesabu kumwokoa anayezama kuwa faradhi kifaya: akiitimiza mmoja, wengine wamesamehewa, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Hata anayeswali huikata swala yake. Lakini penye umati faradhi hiyo hulegea, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake ameona. Na mara nyingi hakuna aliyeona. Anayezama hapigi kelele: kinywa kinachopanda na kushuka usawa wa maji hakipati hata pumzi, sembuse sauti, na mikono huyakandamiza maji ubavuni badala ya kupunga. Kumweka mlinzi, basi, ni kuichukua faradhi iliyotawanyika na kumtwika mtu mmoja anayejulikana, ikawa faradhi aini, yaani ya lazima kwake binafsi. Anayemtuma akakusanye viingilio ilhali waogaji wamo majini ameivunja amana hiyo, na lawama humfika yeye kabla ya mlinzi.

Mlinzi aliyekuwa macho, akaruka kwa wakati, na bado mtu akamponyoka, hana deni. Kwake ajali inabaki na maana yake ya Kiarabu.