Ukubwa Si Jalala

Somo: Luka 15:25–32



Mwezi huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mapumziko ya saa nne shuleni. Msiseme kwamba hayo ni mambo ya walimu, hayalihusu Kanisa. Wanafunzi wa Bwana walidhani hivyo hivyo walipowazuia watoto, na Bwana akachukizwa nao (Marko 10:13–14).

Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa darasa la saba alitungoja mlangoni pa kanisa. Alikuwa na swali. Shuleni kwao kijana mmoja alipiga mpira wa majani ya migomba kwa nguvu, ukampata mtoto wa darasa la kwanza usoni, akatoka damu puani. Kesho yake ikatangazwa mstarini kwamba kuanzia darasa la tano kwenda juu, asionekane mtu uwanjani wakati wa mapumziko. Kengele ikigongwa, wakubwa wachukue ndoo wakateke maji bondeni, na wakirudi waingie darasani wajisomee, kwa kuwa mtihani unakaribia.

Mtoto yule akatuambia, "Siku ile mimi sikuwapo hata uwanjani. Nimekosa nini?"

Nasi tukamjibu kama sote tunavyojibu: "Wewe ni mkubwa." Akainamisha kichwa, akaenda zake. Tangu siku ile jibu letu limetusumbua.

Wazee walisema, ukubwa ni jalala. Maana yake ni kwamba aliye mkubwa hutupiwa kila kitu, naye hana budi kuvumilia. Methali hii inamfaa baba wa nyumba, inamfaa mzee wa kanisa, inamfaa na padre. Lakini je, inamfaa mtoto wa miaka kumi na mitatu?

Tulitazame somo letu. Sisi wahubiri tumezoea kumpiga sana yule mwana mkubwa, na ni kweli alikosa, kwa maana hakumpenda ndugu yake, akakataa kuingia nyumbani. Lakini angalieni alikuwa wapi sherehe ilipoanza. Alikuwa shambani. Angalieni tena alilalamikia nini. Hakudai pete wala joho. Alisema kwamba miaka yote ile ya kutumika hakupewa hata mwana-mbuzi mmoja, apate kufurahi pamoja na rafiki zake. Kilio chake ni kilio cha mtoto mkubwa ambaye kila siku ni siku yake ya kazi.

Na baba yake alifanya nini? Hakusema, "Wewe ni mkubwa, nyamaza." Alitoka nje, akamsihi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza sababu. Wala hakuivunja sherehe ya mdogo ili kumpendeza mkubwa. Alitaka wote wawili wawe ndani ya nyumba moja. Hapo ndipo tunapojifunza haki ya kanuni za watoto, nasi tunaona mambo matatu.

Kwanza, mapumziko si zawadi ya wadogo peke yao. Katika Kutoka 23:12 Mungu anaagiza siku ya saba ili ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni waburudike. Hakupima umri wa mtu. Nabii Zekaria naye alipoonyeshwa mji uliorudishiwa amani, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na wavulana na wasichana wakicheza njiani (Zekaria 8:4–5). Sheria ya nchi yetu inakubaliana na jambo hili, kwa maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na katika haki zake inataja mapumziko pamoja na uhai, heshima, afya na elimu. Tena tukumbuke kwamba wengine ni wakubwa darasani kwa kuwa walichelewa kuanza. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa, wengi waliopita umri waliingia darasa la kwanza. Mwili kuwa mkubwa si kosa.

Pili, adhabu imfuate mkosaji. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba kila mtu atauchukua uovu wake mwenyewe (Ezekieli 18:20). Hatusemi kwamba mtoto wa darasa la kwanza aachwe apigwe mipira usoni. Huyo ndiye wa kulindwa kwanza. Lakini kumlinda mdogo ni jambo moja, na kuwafunga wakubwa wote kwa kosa la mmoja ni jambo lingine. Upande mmoja wa uwanja ungeweza kutengwa kwa ajili ya wadogo, au madarasa yakapeana zamu, na aliyepiga mpira akaomba radhi na kukaa nje siku kadhaa. Tunajua mwalimu wa zamu ni mmoja na watoto ni mamia, naye amechoka. Kwa hiyo hatumlaumu. Tunajilaumu sisi wazazi tuliomwacha peke yake.

Tatu, atwikaye mzigo na autazame mzigo. Bwana Yesu aliwakemea wale wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, nao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole (Mathayo 23:4). Hatusemi kwamba watoto wasifanye kazi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi na walimu wafanye kazi pamoja, ili elimu isimfanye mtu aidharau kazi ya mikono. Lakini kazi ya kujitegemea ni ya wote na ina wakati wake. Kuchukua dakika za mchezo za mtoto na kuziita kazi ni jambo jingine kabisa. Hata huko kujisomea kuna kiasi chake. Kichwa kisichopumzishwa ni kama mtungi uliojaa. Ukizidi kuumimina maji, yanamwagika chini.

Wapendwa, watu wa Nshamba wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Mnakumbuka miaka iliyofuata. Nyumba kwa nyumba katika migomba yetu baba na mama walizikwa, na mtoto wa kwanza akawa baba na mama wa wadogo zake. Hapa hapa Nshamba yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakapata kutiana moyo na kusaidiana. Baadhi yetu tunaosoma ukurasa huu tulilelewa na dada wa darasa la sita, aliyepika asubuhi, akapalilia jioni, akatulaza usiku. Kwa mtoto wa namna hiyo, ile nusu saa ya kuruka kamba na kucheza rede chini ya mwembe ilikuwa utoto wake wote uliosalia. Nani angediriki kumnyang'anya kwa sababu yeye ni mkubwa?

Na watoto wa namna hiyo hawajaisha. Mwalimu akimtuma bondeni saa nne, pengine hajui kwamba ametoka huko huko alfajiri.

Basi, tufanye nini? Tusiende shuleni kwa kelele. Twende kwenye mkutano wa wazazi tukaseme kwa adabu, na tuseme tukiwa na kitu mkononi. Mvua zetu ni nyingi. Shule yenye paa la bati, ikifungiwa mfereji pembeni na kuwekewa tangi, itapunguza safari nyingi za bondeni. Wazazi na tuchangie na tujitolee kwa mikono yetu. Na nyumbani, kila Jumamosi, binti mkubwa wa nyumba afunguliwe kwa saa moja bila kutumwa. Hata hapa kanisani tujirekebishe. Baada ya mafundisho ya Jumapili wadogo hukaa wakila miwa, na wakubwa huwa wanabeba mabenchi. Kuanzia sasa wazee wa kanisa nao wabebe.

Nanyi watoto wakubwa, msikieni yule baba alivyomwambia mwanawe, kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Ukubwa ni heshima, kwa kuwa mmekabidhiwa wadogo. Kuna siku mtaombwa kuwaachia uwanja, na kama sababu ni njema na zamu yenu haijasahauliwa, waachieni kwa furaha. Msifanye kama yule aliyesimama nje akinung'unika huku ndugu yake yumo ndani.

Mtoto yule aliyetungoja mlangoni bado hajapata jibu lake. Jumapili ijayo tutamwita, tumwombe radhi, tumwambie kwamba swali lake lilikuwa la haki, kisha tumchukue pamoja na mzazi wake tukazungumze na walimu wake.

Ee Mungu, uliyemtuma Mwanao akawa mtoto nyumbani mwa fundi seremala, utufundishe kuwapa watoto wetu kazi kwa kiasi, adhabu kwa haki, na mapumziko bila kinyongo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.