Daftari la Jua na Haki ya Jirani

Katika mji wa Namanga, ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya mlima Oldoinyo Orok, na kutoka hapo mpaka Kajiado na Kitengela, nyumba si chache siku hizi zimewekwa paneli za sola juu ya mabati. Mwenye nyumba aghalabu hupewa na mita, au huona hisabu yake katika simu, imwambie kila jioni ni yuniti ngapi zilizopatikana mchana wake. Wako wanaoiandika hisabu hiyo siku kwa siku mpaka mwaka ukatimia. Hiyo ni kazi njema, wala sisi watu wa Pwani haitupasi kuiona ngeni, kwani wazee wetu walizihesabu siku za mwaka wa jua tangu Nairuzi, kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, wakajua kwa hisabu hiyo wakati wa kulima na wakati wa kusafiri. Suala nitakalo tulitazame ni hili: daftari hilo likishatimia mwaka, lashuhudia nini hasa?

Kwanza, mwaka mzima ni lazima, na mwezi mmoja hautoshi. Huko London mchana wa Disemba haufiki saa nane, na wa Juni hupita saa kumi na sita. Huko urefu wa mchana peke yake waeleza mengi. Namanga i karibu na ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, na mchana wa Juni na wa Disemba hukaribia kuwa sawa. Kinacholeta tofauti huko ni mawingu. Januari na Februari mbingu huwa nyeupe. Kuanzia Machi mpaka Mei ni mvua za masika, na masika ya 2024 yalizidi mpaka Kitengela ikaingiwa na mafuriko mwezi wa Aprili. Kisha Juni mpaka Agosti ni baridi na mawingu mazito ya asubuhi. Juu ya hayo liko vumbi la kiangazi linaloganda juu ya kioo, na liko joto, kwani paneli hupungukiwa na nguvu ikipata moto sana, ijapokuwa wengi hudhani kinyume chake. Mwenye kuhukumu kwa Februari atajiona tajiri, na mwenye kuhukumu kwa Julai atamlaumu fundi bure.

Lakini iko siri katika daftari hili, nayo haielezwi dukani. Tuchukue mfano. Paneli ya wati 400 ikipata jua kamili kwa muda wa saa tano hutoa yuniti 2. Tuondoe yanayopotea kwa joto, waya na betri, tuseme imebaki yuniti 1 na nusu. Nyumba yenyewe, kwa taa, redio, simu na televisheni ndogo, yatumia yuniti 1. Basi alasiri haijaingia, betri imejaa. Hapo chombo kinachoisimamia betri huizuia paneli isitoe zaidi, nayo hukaa juani vivyo hivyo mpaka magharibi pasi na kazi. Na mita huandika nini? Huandika ile yuniti iliyochukuliwa. Siku zote zikiwa sawa na hiyo, mwisho wa mwaka daftari litasema 365, hali ya kuwa zilizokuwa tayari kutolewa ni zaidi ya 540.

Kwa hivyo, katika nyumba isiyounganishwa na waya wa serikali, hisabu tuiitayo mapato ya jua ni hisabu ya matumizi yetu. Siku ya Julai yenye mawingu huandikwa tarakimu ndogo, na siku ya Januari ambayo watu wa nyumba wamesafiri huandikwa tarakimu ndogo vile vile. Moja ni uhaba na ya pili ni wingi usiopata wa kuuchukua, na karatasi haizitofautishi. Mtu huilinganisha miezi yake akasema neema imepungua, kumbe kilichopungua ni haja yake mwenyewe.

Hapo ndipo inapoingia haki ya jirani. Katika wilaya ile ya wafugaji kila mtu ajua kisima ni nini. Katazo la kuyazuia maji yaliyozidi limepokewa katika hadithi sahihi, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelipambanua vizuri: maji aliyokwisha kuyateka mtu chomboni mwake ni mali yake; bali yaliyozidi kisimani hana ruhusa kuyazuia na mifugo yenye kiu, ijapokuwa hayamlazimu kwa kunyweshea mashamba ya watu, wala halazimiki kuazima ndoo yake na kamba yake. Tazama jinsi mfano huu unavyokaribia! Umeme ulio ndani ya betri ni maji ya chomboni. Mwenyewe ameununulia betri, na kila ikitumiwa umri wake hupungua. Lakini ule ambao paneli ingeutoa saa nane mchana, betri imekwisha kujaa, ni maji ya kisimani. Asipouchukua mtu hauwekeki wala hauuziki, na ukichukuliwa mwenye nyumba hapungukiwi na kitu.

Atasema msemaji: kiu huua, na giza haliui, kiasi hiki hakisimami. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sithubutu kuuita wajibu. Ila simu ya leo si pumbao tu. Tangu 2007, ilipoanza M-Pesa, fedha za mtu zimo ndani yake, na mfugaji hupatia humo habari za malisho na za bei ya ng'ombe. Yuniti moja yatosha kuchaji simu hamsini kwa kadiri. Ile nusu iliyozuiliwa katika mfano wetu ingetosha simu ishirini na tano kila siku, na huku mama wa nyumba ya pili aenda sokoni kulipa ili achajiwe yake. Sitaki pia jirani avutiwe waya juu ya ua, kwani hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na waya mbaya huchoma nyumba mbili kwa pamoja. Nasema juu ya jambo dogo: soketi moja barazani, baada ya adhuhuri, siku za jua.

Kwa wenye umeme wa gridi, hasa huko Kitengela, Sheria ya Nishati ya 2019 imefungua njia ya ziada kurudishwa katika waya wa shirika na kuhesabiwa, na huko suala hugeuka kuwa la biashara. Kwa wengine wote, daftari lataka safu mbili zaidi kando ya ile ya yuniti: saa ambayo betri ilijaa, na nani aliyekuja baada yake.