Jirani, Mpaka na Hofu

Kiswahili kimelibebesha neno “mpaka” maana mbili. Mtu akisema “mpaka wa shamba” ametaja mahali mali yake inapokoma. Akisema “tulisafiri mpaka Taveta” ametaja mahali alipofika. Neno ni moja, na wasemaji wake hawaoni mgongano wowote kati ya kukoma na kufika. Katika maisha ya nchi jirani, hata hivyo, maana hizo mbili aghalabu hugombana. Anayesisitiza mahali mali yake inapokoma huitwa mchoyo, na anayependa kufika kwa wenzake bila kizuizi huambiwa kuwa hana uchungu na nchi yake. Kutokana na ugomvi huo huzuka swali la kimaadili ambalo halijazeeka: je, mtu anayemhofia jirani yake amekwisha kuvunja ujirani, au hofu nayo yaweza kuwa sehemu ya ujirani mwema?

Swali hilo liliwashughulisha Watanzania kwa nguvu mwaka 2009. Majadiliano ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa yameanza mwaka 2008, na nchi tano, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilikusudia kutia saini Arusha mwezi Novemba 2009, Jumuiya ilipokuwa ikiadhimisha miaka kumi tangu mkataba wake wa 1999. Muda ulizidi kwisha ilhali mambo makubwa matatu yalikuwa hayajapata mwafaka: ardhi, ukaazi wa kudumu, na matumizi ya kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Kila wajumbe walipokutana, habari zilizowafikia wananchi zilikuwa vipande vipande. Harusi inayopangiwa siku kabla ya posa kujibiwa huwatia wazee wasiwasi, hata kama bwana harusi ni mtu mwema.

Pahali pazuri pa kulipima swali hili ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Kutoka Moshi hadi Himo, na kutoka Himo hadi Holili, ni mwendo mfupi wa gari. Ng’ambo ya Holili ni Taveta, nchini Kenya. Wilaya ya Rombo imelala ubavuni mwa mlima sambamba na mpaka, hadi kufikia Tarakea. Huku jirani si dhana ya wanasiasa. Ni mtu wa gulio moja, mwenye kujulikana kwa sauti na kwa deni lake.

Ni huku pia ambako ardhi ina maana isiyoingia kwa urahisi katika lugha ya biashara. Kihamba cha Mchagga ni shamba la migomba na kahawa chini ya kivuli cha miti, lililonyweshwa tangu zamani kwa mifereji iitwayo mifongo. Humo ndimo nyumba ilimo, na humo ndimo wazee walimozikwa. Kwa desturi, kihamba hurithiwa, hakitembezwi sokoni. Kimegawanywa baina ya wana, kizazi baada ya kizazi, hata vingine vimebaki vipande vidogo visivyotosha kulisha nyumba moja. Anayelihofia soko la ardhi katika mahali kama hapo hahofii kupoteza bidhaa. Anahofia siku ambayo atamwomba mtu mwingine ruhusa ya kulizuru kaburi la babu yake.

Mbali na makaburi, hofu ile ilikuwa na hoja za kisheria. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia hupewa haki ya kuitumia. Asiye raia huipata kwa ajili ya uwekezaji tu. Kenya, kwa upande wake, ilirithi kutoka enzi ya ukoloni umilikaji binafsi, na ikauendeleza. Mifumo miwili kama hiyo ikiunganishwa katika soko moja, aliyezoea kununua na kuuza huingia akiwa na mtaji na mkopo wa benki, ilhali mwenyeji ana jembe na haki ambayo pengine hata hajaandikiwa hati. Visiwani kulikuwa na jambo la ziada: ardhi ya Zanzibar ina sheria yake na si suala la Muungano, lakini kiti mezani kilikuwa kimoja, cha Jamhuri ya Muungano.

Wasiwasi wa kuamuliwa mambo na watu waliojifungia chumbani una kumbukumbu ndefu. Mwaka 1885 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifikiwa na Jenerali Mathews, aliyetumwa na Sayyid Barghash wa Unguja, kisha na Jühlke, wakala wa Wajerumani. Kila mmoja alitaka neno la mangi lithibitike katika karatasi. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilipatana zenyewe. Zilimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na zikachora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, ukapinda kuuzunguka mlima, ukaendelea hadi Ziwa Viktoria. Walioandika walikuwa wawili. Barghash aliletewa karatasi ili aikubali, na wenye mlima hawakuletewa chochote. Mpaka wa Holili na Taveta ni mtoto wa mapatano hayo. Kwa hiyo mtu wa mlimani na mtu wa visiwani, waliotofautiana kwa mengi, wana sababu moja ya kushtuka wasikiapo kwamba wakubwa wako ndani wanamalizia maandishi.

Hata hivyo, mpakani palikuwa na hofu ya pili, iliyokuwa kinyume cha ya kwanza. Jumuiya ya awali, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Reli iliyoiunganisha Moshi na Voi kupitia Taveta ikakatika matumizi yake mpakani. Mambo ambayo jana yalikuwa biashara yakawa magendo: kahawa ikavushwa usiku kwenda upande ulikokuwa na bei nzuri zaidi, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia zile zile. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa majina wakajifunza kuviziana. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa mama wa Rombo anayevusha ndizi kwenda soko la Taveta, jirani anayekuja hatishi kama lango linalofungwa.

Hofu hizo mbili zote zilikuwa za kweli, na mara nyingi zilikaa katika nyumba moja: mume akihofia kihamba, mke akihofia lango. Mjumbe aliyekwenda Arusha alibeba amana ya wote wawili. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba hofu ni haki ya mwananchi, wala haitoshi kusema kwamba mwenye hofu amechelewa kuelimika. Lazima hofu yenyewe ipimwe. Kiswahili hutofautisha tahadhari na woga, na vyote viwili hukitofautisha na husuda. Mwenye tahadhari anakijua anachokilinda. Mwoga anakijua tu anachokikimbia. Hasidi huumizwa na alicho nacho mwenzake.

Mizani ya kwanza ni kubadilishana nafasi. Wachagga ni watu wa safari na biashara. Maduka yao yamo katika miji mingi ya Tanzania, na kila Desemba mabasi hujaa watu wanaopanda Kilimanjaro kusherehekea na jamaa zao. Mzee ambaye mwanawe amefungua duka katika mji wa watu wengine, akapangishwa chumba na kupewa wateja, hawezi kusema kwamba mgeni ni adui kwa sababu tu ni mgeni. Aweza kusema jambo lililo finyu zaidi: kwamba duka hufungwa na kufunguliwa, bali ardhi ikishatoka mikononi ni shida kuirudisha. Hofu inayokubali kupunguzwa hadi ukubwa wake wa kweli imekwisha kuwa hoja.

Mizani ya pili ni kuuliza kwa nini anahofiwa huyu na si yule. Kusini mwa Moshi, huko Arusha Chini, mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha TPC viliingia mwaka 2000 mikononi mwa wawekezaji kutoka Mauritius, serikali ikibakiwa na sehemu ya hisa. Ikiwa mwenye mtaji wa mbali aweza kukaribishwa kwa sheria na masharti, ni haki kuuliza iwapo Mkenya anahofiwa kwa nguvu zake au kwa ukaribu wake tu. Jirani anajulikana kwa lafudhi na kwa ugomvi wa zamani, na kwa hiyo ni rahisi kumvisha sura ya kila hofu, hata ile iliyosababishwa na uzembe wa nyumbani. Kijana asiye na kihamba kwa sababu kimekwisha kugawanywa mno hakunyang’anywa na mtu wa Taveta.

Mizani ya tatu ni wakati na mahali pa kuisemea hofu. Itifaki ilitiwa saini na marais watano Arusha tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Suala la kupata na kutumia ardhi liliachwa chini ya sera na sheria za kila nchi. Ukaazi wa kudumu vilevile. Na kitambulisho badala ya pasipoti kikawa cha nchi zilizokubaliana kukitumia. Wapo waliouona mwafaka huo kuwa ni udhaifu, kwamba soko la pamoja lililoacha ardhi nje ni nusu ya soko. Lakini kimaadili ulikuwa na sifa moja isiyopaswa kudharauliwa: Tanzania ilisema hapana mezani, mbele ya majirani, kabla ya wino kukauka. Hakuna aliyeahidiwa ardhi kisha akadhulumiwa.

Hofu inayosemwa baada ya saini ni jambo jingine. Mwaka 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa maelezo ya kuzuia maradhi. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Huenda maradhi na sumu ni hatari za kweli. Kulinda afya ya watu ni wajibu wa dola yoyote. Lakini amri ya ghafla haimkuti waziri barabarani. Humkuta dereva mwenye mzigo na mchuuzi aliyekopa mtaji, watu ambao hawakuketi mezani siku ya makubaliano wala hawakuulizwa siku ya kuyavunja.

Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na Kenya ikalalamika kwamba roho ya soko la pamoja imekiukwa. Miongoni mwa biashara hizo ni ununuzi wa mazao shambani. Mkulima wa Rombo aliguswa na agizo hilo kwa namna mbili kwa wakati mmoja: amekingwa na mlanguzi wa kigeni anayemfuata hadi shinani mwa mgomba, na pia amepunguziwa mnunuzi. Nani alimuuliza ni lipi kati ya hayo mawili analihofia zaidi? Mizani zile tatu zingalifaa hapa pia, na zingalifaa zaidi kama zingaliwekwa mezani mbele ya majirani kabla ya agizo kutoka.

Wachagga wana mmea uitwao isale. Hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na kila mtu huuheshimu. Jani la isale ndilo pia apelekewalo aliyekosewa, kumwomba radhi, na kulikataa jani hilo si jambo jepesi. Mmea wa kutenganisha na mmea wa kupatanisha ni ule ule mmoja. Anayeung’oa kwa jina la undugu hatakuwa na jani la kupeleka siku ya ugomvi. Naye anayeupanda pasipo kuchuma hata jani moja amejitengenezea ua, hakujitengenezea ujirani.

Kwa hiyo hofu ya mwaka 2009 haikuwa aibu, wala haikuwa ushujaa. Ilikuwa amana iliyohitaji watu wa kuibeba kwa uaminifu, na kwa suala la ardhi ilibebwa hadi mwisho wa safari. Wajumbe watakaoketi tena Arusha, Nairobi au kwingineko wanadaiwa mambo mawili: kuwaambia wenye vihamba na wenye mizigo ni nini kimewekwa mezani kabla siku ya sherehe haijatangazwa, na kumwambia jirani usoni kile ambacho hakitawekwa.